Risala ya Mbolea na Baruti

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeviumba vilivyo ardhini kwa manufaa ya wanadamu, akawapa akili za kuvitumia, kisha akawajulisha ya kuwa wataulizwa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Hii ni risala fupi katika khabari ya kitu kimoja chenye nyuso mbili. Uso wa kwanza ni mbolea, nao hulisha watu. Uso wa pili ni baruti, nao hupasua miamba, na mara nyingine huwapasua watu. Kitu hicho ni chumvi iitwayo nitrati ya amonia. Na makusudio ya risala ni kubainisha swali moja: mtu auzaye kitu cha halali, au akiwekaye ghalani mwake, huachwa huru na madhara yake kwa sababu tu kitu chenyewe ni cha halali?

UMBO LA MASALA

Wanazuoni hupenda kuyafunga masala katika mfano wa Zaidi na Amru, ili watu watazame hukumu wasitazame nyuso. Basi na ichukuliwe hivi.

Zaidi ni mfanyabiashara wa Benako, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, katika barabara itokayo Biharamulo, ambako malori hugawanyika, mengine yakishika njia ya Rusumo kwenda Rwanda, na mengine njia ya Kabanga kwenda Burundi. Ana ghala ya mbolea. Ukuta wa ghala yake umepakana na chuo cha Kurani, na watoto wake mwenyewe husoma humo. Wakati wa mvua wakulima humjia kununua mbolea ya kukuzia mahindi na migomba, naye huwauzia kwa uaminifu, hapunji mizani.

Mwaka mmoja biashara ikamwendea vibaya. Akawa na deni la ghala, na ada za watoto hazijalipwa. Usiku mmoja akamjia Amru, mtu asiyejulikana pale, akataka magunia arobaini, akaahidi kulipa maradufu ya bei, kwa sharti isiandikwe stakabadhi, na mzigo utoke kabla ya alfajiri. Zaidi akamwuliza, “Ni kwa shamba lipi?” Amru akacheka, akasema, “Shamba ni hizi fedha.”

Zaidi akajisemea moyoni: Mbolea ni halali. Mimi ni mwuza mbolea. Afanyalo mnunuzi baada ya kutoka mlangoni pangu ni lake na Mola wake. Je, asema kweli?

Na katika masala haya mna jingine lililojificha. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, Zaidi ameyapanga magunia yake pamoja na madumu ya mafuta ya taa na marobota ya mitumba, na kijana wa ghala hupikia chai humo humo. Miaka sita hakujatokea neno. Je, katika hilo pia ana dhima?

FASILI YA KWANZA: KITU CHENYEWE

Hapana hukumu iliyo sawa juu ya kitu kisichojulikana. Basi na kijulikane.

Nitrati ya amonia ni chumvi nyeupe, yenye punje mithili ya sukari ya mchanga au vidonge vidogo. Hupatikana kwa kukutanisha amonia na asidi ya nitriki katika viwanda vikubwa. Huyeyuka upesi katika maji, na iyeyukapo maji hupoa mpaka chombo kikawa baridi mkononi. Huvuta unyevu wa hewa, na ikikaa siku nyingi hugandamana ikawa bonge gumu kama jiwe. Haina harufu ya kutisha wala rangi ya kutisha. Mtu akiiona gunia moja penye chokaa na unga, haimwambii ya kuwa yeye ni nani.

Na tabia yake iliyo kubwa ni hii: yenyewe si kuni, ila huufuga moto. Ndani yake imebeba oksijeni, nayo ndiyo hewa ambayo moto huishi kwayo. Kwa hiyo moto wa mafuta au wa mbao ukiifikia, hauhitaji tena hewa ya nje, na kuufunikia hakuuzimi. Joto likifika kiasi cha daraja 170 za sentigredi chumvi huanza kuyeyuka, na likizidi huvunjika ikatoa mivuke mingi. Ikiwa ni nyingi, imebanwa mahali pamoja, imechanganyika na uchafu, na joto halina pa kutokea, huweza kugeuka yote kwa mara moja kuwa hewa na moto. Huo ndio mpasuko.

Walakini katika hali yake ya kawaida, ikiwa kavu, safi na mbali na moto, ni kitu kitulivu. Hailipuki kwa kuangushwa wala kwa kubebwa. Utulivu huo ni rehema, na ni mtihani pia, kwani watu huogopa kitu kinachonguruma, wakakizoea kinyamazacho.

FASILI YA PILI: MANUFAA YAKE

Mmea hauoti ila kwa naitrojeni. Mwenyezi Mungu ameijaza hewa kwa hiyo, sehemu 78 katika kila 100, lakini mahindi hayawezi kuichukua kutoka hewani. Mikunde, kama maharage, imepewa vijidudu katika mizizi yake vinavyoikamata hewa hiyo na kuiweka katika udongo. Wakulima wa Ngara, wapandao maharage chini ya migomba, waliifuata hekima hiyo zamani kabla ya wataalamu kuieleza.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Fritz Haber, aliweza kuifunga naitrojeni ya hewani ikawa amonia, na Carl Bosch akalifanya jambo hilo kuwa la kiwanda. Kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau mwaka 1913. Tangu hapo mbolea ya kiwanda imeenea dunia nzima, na wenye elimu hiyo hukadiria ya kuwa karibu nusu ya wanadamu hupata chakula chao kwa msaada wake. Katika nitrati ya amonia, sehemu kama 35 katika 100 ni naitrojeni, na mmea huipokea upesi. Hata hivyo nchi nyingi huwauzia wakulima ile iliyochanganywa na chokaa, iitwayo CAN, yenye naitrojeni sehemu 26 au 27 katika 100, kwa sababu chokaa huipunguza ukali ikawa si rahisi kulipuka.

Na baruti nayo ina manufaa yake. Tangu Alfred Nobel alipopewa hati ya dinamiti mwaka 1867, watu wamepasua milima wakapitisha reli na barabara. Baadaye baruti zilizoundwa juu ya nitrati ya amonia zikachukua mahali pa dinamiti katika machimbo mengi, kwani ni nafuu na ni salama zaidi mkononi mwa fundi. Kokoto iliyolazwa chini ya barabara za lami hutoka katika miamba iliyopasuliwa, na dhahabu hupatikana vivyo hivyo. Wilayani Biharamulo mgodi wa Tulawaka ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa shirika la madini la taifa. Lori lifikalo Benako kwa usalama, likachukua dawa na nafaka kwenda Kigali na Bujumbura, limekanyaga kazi ya baruti kwa mamia ya maili.

Basi asemaye kitu hiki ni haramu kwa asili yake, amekosea. Asili ya vitu vyenye manufaa ni ruhusa. Katika Sura ya Hadidi Mwenyezi Mungu amekitaja chuma, akajulisha ya kuwa mna ndani yake nguvu kali na manufaa kwa watu; mambo mawili katika kitu kimoja, wala hakuwakataza watu chuma.

FASILI YA TATU: MADHARA YAKE

Madhara hujia milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa makusudi.

Viwanda vile vilivyofunga naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mbolea viligeuzwa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 vikatoa malighafi ya mizinga. Na Haber yule yule aliyewafungulia watu mlango wa chakula ndiye aliyesimamia hewa ya sumu huko Ypres mwezi wa Aprili 1915. Elimu ilikuwa moja na mtu alikuwa mmoja, kazi ndizo zilizokuwa mbili.

Katika pwani ya Tanzania, kutoka Tanga mpaka Mtwara, kumekuwako watu wavuao kwa baruti, na baruti hizo nyingine zimetoroshwa machimboni au zimefanywa kwa mbolea. Mpasuko mmoja huua wakubwa na wachanga, na samaki wengi huzama wasiokotwe. Matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki, huvunjika yakawa kifusi, na hayarudi ila baada ya miaka mingi. Wavuvi wenyewe wako waliorudi pwani hawana mikono. Serikali iliupiga marufuku uvuvi huo mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikaurudia.

Tena tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi moja, baruti za jamaa nyingine zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11, na majeruhi walikuwa maelfu. Wengi wao walikuwa wapita njia, makarani, wanafunzi na wachuuzi, na miongoni mwao Waislamu. Walioyatenda hayo walijinasibisha na dini. Dini imejitenga nao, kwani Kurani katika Sura ya Maida imeihesabu roho moja iuawayo bila ya haki kuwa sawa na roho za watu wote. Hakuna shauri, wala kisasi, wala malalamiko juu ya dola yoyote, yatakayoihalalisha damu ya mwuza maandazi aliyekuwa akipita njiani.

Mlango wa pili ni wa ghafla, nao watu wengi huudharau. Huko Oppau, tarehe 21 Septemba 1921, watu zaidi ya 500 walikufa kwa mlima wa mbolea uliokuwa umegandamana, uliokuwa ukivunjwa kwa baruti ndogo. Jambo hilo lilikuwa limefanywa mara elfu nyingi pasipo dhara. Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City, Marekani, meli iliyobeba chumvi hii kiasi cha tani 2,300 ilishika moto ikalipuka, wakafa watu karibu 600. Tarehe 21 Septemba 2001, miaka 80 kamili baada ya Oppau, ghala ya kiwanda cha Toulouse, Ufaransa, ililipuka, wakafa watu 31.

Na tarehe 4 Agosti 2020 ikawa zamu ya Beirut. Tani 2,750 za nitrati ya amonia zilizoshushwa kutoka meli iliyokwama zilikuwa zimewekwa katika ghala ya bandari tangu mwaka 2014. Barua ziliandikwa, ofisi hii ikiiambia ile, na ile ikiirudishia hii. Hapana aliyekusudia kuua mtu. Moto ukashika ghala jioni ile, wakafa watu zaidi ya 200, na mamia ya maelfu wakalala hawana nyumba.

Wala asiseme mtu ya kuwa hayo ni ya nchi za mbali. Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ghala za silaha za kijeshi zililipuka katika jiji la Dar es Salaam. Vitu vilivyowaka humo vilikuwa vingine, lakini fundisho ni lile lile: kila mara watu si chini ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, na watoto wakapotezana na wazazi wao.

FASILI YA NNE: MAPANGA YA RUSUMO

Kabla ya kuingia katika hukumu, inafaa watu wa Benako wakumbuke jambo ambalo wazee wao waliliona kwa macho.

Jina la Benako ni la kampuni ya Kitaliano iliyopiga kambi mahali pale ilipokuwa ikijenga barabara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakaletwa kukaa hapo. Na mahali palipokuwa pa mitambo na kokoto pakawa mji wa mahema. Chini ya daraja lile mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa, ukazipeleka mpaka ziwa la Viktoria. Katika wale waliovuka walikuwamo watu wasio na hatia, waliokimbilia roho zao na watoto wao, na walikuwamo pia wenye damu mikononi. Hapana aliyeweza kuwatenga kwa kuwatazama.

Mpakani waliambiwa waweke silaha chini. Basi kando ya njia mapanga yakarundikana, lungu juu ya lungu.

Panga ni nini? Katika nchi ya migomba, panga ndilo mkono wa pili wa mkulima. Kwalo hukata mkungu, hupogoa majani makavu, na huchanja kuni. Hapana mwanachuoni aliyepata kusema ya kuwa panga ni haramu. Wala yule askari wa mpakani hakusema hivyo. Hakuliuliza panga asili yake, aliitazama hali. Alijua yaliyokuwa yakitendwa ng'ambo ya mto, akajua ya kuwa katika mikono ile na kwa siku zile, chombo cha mgombani kilikuwa kimekuwa kitu kingine. Na mkulima mwema aliyelitupa panga lake katika lungu lile alidhurika kwa kukosa chombo chake, lakini dhara lake lilikuwa dogo mbele ya lile lililozuiwa.

Katika lungu lile la mapanga mna elimu yote ya masala haya. Uhalali wa kitu haumalizi swali, bali ndipo swali linapoanzia.

FASILI YA TANO: HUKUMU

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafii waliliulizwa jambo hili zamani katika sura nyingine. Zabibu ni halali, na mwuza zabibu ni mtu wa halali. Je, yafaa kumwuzia mtu atakayezikamua akafanya mvinyo?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake Minhaj ameihesabu biashara hiyo miongoni mwa biashara zilizokatazwa. Na waliokisherehesha kitabu hicho, kama Ibn Hajar na Ramli, wakaipambanua kwa daraja za kujua. Mwuzaji akiwa na yakini ya kuwa mnunuzi atafanya mvinyo, au akiwa na dhana yenye nguvu, kumwuzia ni haramu. Akiwa na shaka tu, au wasiwasi usio na dalili, ni karaha. Na pasipo kuwako hata shaka, biashara ni ya halali, wala mwuzaji hapasi kuwapeleleza watu. Na hukumu hiyo hiyo wameipeleka kwa mwenye kumwuzia silaha mnyang'anyi wa njiani.

Hapa pana jambo ambalo hudanganya wengi. Mafakihi hao wamesema ya kuwa biashara hiyo, ijapokuwa haramu, husihi, yaani umilki hupita. Mwenye tamaa husikia neno “husihi” akalishika, akaliacha neno “haramu.” Kusihi kwa mkataba ni khabari ya mali kuhama mkono, uharamu ni khabari ya mtu na Mola wake. Fedha zaweza kuwa zake mfukoni, na dhambi ikawa yake shingoni.

Basi na ipimwe hali ya Zaidi. Mnunuzi hajulikani, na mzigo ni mkubwa kupita haja ya mkulima. Bei ni maradufu, na hapana mwenye shamba akubaliye kulipa maradufu ya bei ya soko. Tena pana kukataa stakabadhi, na kutaka giza, na kuulizwa jambo jepesi asilijibu. Kila dalili peke yake ni ndogo, lakini zikikutana zimetoka katika wasiwasi, zikapita katika shaka, zikafika katika dhana yenye nguvu. Na dhana yenye nguvu katika fikihi husimama mahali pa yakini. Kwayo mtu huswali, na kwayo hufunga na kufungua. Haiwezekani itoshe kumwelekeza kibla, kisha isitoshe kumzuia kuuza.

Kwa hiyo Zaidi haruhusiwi kumwuzia Amru. Na hapasi kuishia hapo tu, kwani Amru atakwenda mlango wa pili. Yampasa kuwaarifu wenye mamlaka, kwa kuwa roho za watu zikiwa khatarini, kunyamaza kwa ajayeo ni kusaidia. Na hapo Amru huenda akaonekana kuwa ni mchimbaji mdogo tu akwepaye kibali. Basi na atafute kibali. Katika Tanzania mambo ya baruti yamewekewa sheria tangu mwaka 1963, na kumtii mtawala katika jambo lenye kulinda nafsi za watu ni wajibu wa kisharia.

Ama swali la pili, la magunia na mafuta ya taa, hukumu yake ni nzito kuliko watu wadhanivyo. Katika mlango wa amana, mafakihi wamesema ya kuwa mwenye kuwekewa kitu hana dhima kikipotea, ila akizembea. Na katika kuzembea ni kukiweka kitu mahali pasipo hifadhi ya mfano wake. Kila kitu kina hifadhi yake: dhahabu sandukuni, mnyama zizini. Na wamesema katika mlango wa moto ya kuwa mtu akiwasha moto katika milki yake kwa kadiri ya desturi, ukaruka ukamwunguza jirani, hana dhima. Lakini akiuwasha mkubwa kupita desturi, au wakati wa upepo mkali, hulipa. Milki yake haimkingi. Aliyeweka chumvi yenye kuufuga moto pamoja na mafuta, matambara na jiko la makaa, akapakana na chuo cha watoto, ni mfano wa aliyewasha moto siku ya upepo. Tofauti ni kuwa upepo wake haujavuma bado.

Kusema miaka sita hakujatokea neno si hoja. Oppau walikuwa na hoja hiyo hiyo mpaka asubuhi ile.

FASILI YA SITA: PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Huenda akasema msemaji: Mambo huhesabiwa kwa makusudio yake, na Zaidi hakusudii ila riziki. Hujibiwa ya kuwa kanuni hiyo ni kweli, lakini haikuwekwa peke yake. Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra (1505), ameitaja miongoni mwa kanuni tano, na mojawapo ni ya kuwa madhara huondolewa. Nia njema huipamba kazi iliyo njema. Haiwezi kuifanya kazi mbaya kuwa njema, na uzembe ni kazi. Beirut hapakuwa na nia mbaya, na makaburi yalijaa.

Huenda akasema: Asipouza Zaidi, atauza mwingine, na Amru atapata matakwa yake. Hujibiwa ya kuwa kila nafsi imewekwa rahani kwa iliyoyachuma. Siku ya hesabu Zaidi hataulizwa kama mlipuko ulitokea au haukutokea, ataulizwa magunia yake yalikwenda wapi. Na lau wauzaji wote wangekataa kila mmoja kwa ajili ya nafsi yake, Amru asingempata huyo mwingine.

Huenda akasema, na hili ndilo lenye uzito: Mkifunga milango kwa kila shaka, mkulima masikini atakosa mbolea, na njaa nayo huua, tena huua wengi kuliko baruti. Hujibiwa ya kuwa msemaji amesema kweli, na kwa sababu hiyo mafakihi hawakuhukumu kwa shaka tupu. Bibi kizee atakaye gunia moja kwa shamba lake haulizwi jina la babu yake. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), aliitunga kazi yake kubwa katika kupima manufaa na madhara. Na sharia yote kwake ni kuleta la kufaa na kuondoa la kudhuru. Vikikutana viwili, huchukuliwa vyote viwili kama vinawezekana. Na hapa vinawezekana: auziwe mkulima, azuiwe Amru, na ghala ihamishwe. Atakayepata khasara katika hayo ni mmoja tu, naye ni Zaidi.

Basi hapo ndipo ulipo mtihani wenyewe. Zaidi ana deni la kweli, na watoto wake wana haki juu yake, na fedha zi mbele yake juu ya meza. Risala hii haimwambii ya kuwa atalipwa maradufu duniani kwa kuacha kwake. Huenda asilipwe. Huenda ghala ikapigwa mnada. Lakini watoto wale anaotaka kuwalipia ada ndio walioketi upande wa pili wa ukuta wake, na mtoto wa mtu mwingine, huko ambako magunia yangekwenda, naye ni ada ya baba yake na tumaini la mama yake. Na jamaa ya Waislamu wa mji ina fungu katika mtihani huu, kwani mwenye deni kwa haki ni miongoni mwa wale wanane waliotajwa katika sadaka. Mji umwachao mwaminifu wake azame peke yake umewafungulia mlango akina Amru.

KHATIMA

Katika jumla: nitrati ya amonia ni neema, na kuifanyia biashara ni halali, na kupasua mwamba kwa baruti kwa kibali na kwa fundi ni halali. Kuitumia kuua, au kuharibu bahari, ni haramu. Kumwuzia mwenye dhana yenye nguvu juu yake ni haramu. Na kuiweka mahali pasipo hifadhi yake ni dhulma kwa jirani, hata kama haijapasuka.

Na yampasa kila mwenye ghala atende haya: aitenge na mafuta na kila kiwakacho, asiruhusu moto ndani, aiweke mahali pakavu penye kupitisha hewa, mbali na nyumba za watu na vyuo, asiache magunia yakapasuka yakachanganyika na uchafu, aandike kiingiacho na kitokacho na jina la achukuaye, na kilichopungua asikinyamazie.

Chumvi haina nia, wala panga halina nia, wala moto hauna nia. Mwanadamu ndiye mwenye nia, na kwa hiyo ndiye mwenye kuulizwa. Ataulizwa alilolitenda kwa mkono wake, na alilolikabidhi mkono wa mwenziwe, na alilolisahau penye kona ya ghala.

Mwenyezi Mungu awape wafanya biashara riziki isiyo na majuto, awahifadhi watoto wa Ngara na Biharamulo na wa nchi zote, na awarehemu waliokufa kwa moto wasioujua ulikotoka. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi lililo sawa.

Imetimia.